Macho ya Bi Shamsa

Kitu cha kwanza nilichogundua Firenze, Italia, ni kwamba mwongozaji wa watalii hakutusalimia sisi. Aliwasalimia walio makwao, waliokodi macho yetu ili waone kila tunachokiona.

"Inua macho, Sikudhani," Bi Shamsa aliniambia sikioni, kutoka kitandani kwake Tanga. "Sikukutuma ukaniangalizie viatu vya Wazungu."

Niliinua. Ukutani alikuwa amechorwa mwanamke mjamzito, mkono juu ya tumbo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikioga nikitazama dari, ili Bi Shamsa asilione tumbo langu. Hapo macho yakaniponyoka, yakashuka, akaliona gauni lilivyotuna.

Kundi likasonga mbele, mimi nikabaki nikingoja kufukuzwa kazi.

"Kumbe!" alisema, kisha akacheka kwa furaha. "Usiogope, mwanangu. Mimi sikujaliwa kuzaa, na macho yako ni yangu mpaka nife. Akizaliwa, tutamwona sote wawili kwa pamoja."

Mwongozaji alituita chumba cha pili. Sikwenda.

"Bi Shamsa," nilisema kwa sauti, hata watu wakageuka, "siku hiyo nitafumba macho."