Kaburi Ndani ya Mpaka Mpya

Ukumbi wa mji ulijaa watu walioitwa kutoa maoni kuhusu mpango wa hifadhi ya wanyamapori kwa miaka ishirini ijayo. Zamu ya Nyamizi ilipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye ramani iliyotandazwa mezani.

"Bwana, kaburi la mwanangu liko wapi hapa?" alimuuliza ofisa wa hifadhi aliyesimama hapo. "Yule aliyekanyagwa na tembo."

Ofisa aliinamia ramani. "Litakuwa ndani ya mpaka mpya, mama. Watu hawataruhusiwa kuingia."

"Na tembo?"

Ofisa aliita mtu wa zamu iliyofuata. Nyamizi akaweka kiganja chake juu ya rangi ya kijani iliyoonyesha eneo la hifadhi, asikiondoe. Mkutano uliisha, watu wakatoka. Ofisa akaanza kuikunja ramani taratibu kutoka pembeni, mpaka akaufikia mkono wa Nyamizi.