Shamba Lililotangulia Ukweni

Zama wanyama walipokuwa wakiposana, Ngiri wa mlimani alifukua kilima chake chote kutafuta mizizi, asibakishe hata jani. Jamaa wa bondeni walipomlalamikia kwamba mto unajaa udongo, alicheka: "Ya bondeni yananihusu nini?"

Mwaka uleule akashuka bondeni kuposa. Ukweni uji haukataliwi, naye akanywa uliopikwa kwa maji ya mto, mchanga ukimkwaruza meno, machozi yakimlengalenga.

"Nina shamba, baba," alijigamba. "Kilima kizima!"

"Tunalijua, mwanangu," alijibu baba wa binti, akimjazia bakuli la pili. "Lilishatangulia na mto. Ukirudishia kilima nyasi, tutazungumza mahari. Kwa leo kunywa, usione haya. Ni shamba lako hilo."