Adhabu Aliyoipendekeza Pimbi

Palikuwa na Pimbi mmoja aliyejaa kijicho. Kila Kindi alipopita na baiskeli yake akipiga kengele, mkia umesimama nyuma kama bendera, roho ilimuuma. Yeye alikwenda kwa miguu, na mkia hakuzaliwa nao.

Siku Nyati, mkuu wao, alipoitisha baraza kuhusu wizi wa baiskeli, Pimbi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Mwizi akatwe mkia!"

Wakamshangilia, sheria ikapita. Kindi akacheka. "Sasa nani atathubutu?" Akaacha kufunga baiskeli, na ule mnyororo wa kufungia akautundika uani uwe kamba ya kuanikia nguo.

Haikupita wiki, Pimbi akaiba baiskeli ile. Angeweza kutokomea nayo, lakini kijicho hakikumruhusu: alipita mlangoni kwa Kindi akipiga kengele, wakamkamata hapo hapo.

"Lete mkia!" Nyati akafoka.

Pimbi akawapa mgongo. "Kata, mheshimiwa."

Wakatazama. Hapakuwa na cha kukata. Baraza zima likamgeukia Nyati, Nyati akainamisha pembe.

Kindi hakungoja hukumu. Alipanda baiskeli yake, akaenda mbio nyumbani kuanua nguo kwenye ule mnyororo.