Jina la Ng'ombe

Tangu mawakala wa ajira waruhusiwe kukupigia simu kwa sauti ya mtu umpendaye, maofisa rasilimali watu wengi walisalimu amri, wakachukua hata wafanyakazi wasiowahitaji. Subilaga hakuyumba. Ofisini walimwita Komeo, naye jina hilo alilivaa kama nishani.

Siri yake ilikuwa moja tu. Mama yake, kabla hata ya salamu, alitakiwa kutaja jina la ng'ombe wao wa zamani kule Tukuyu. Wakala gani angelijua?

Jumamosi mchana, akisonga ugali, simu ililia.

"Mwanangu, ni mimi mama yako."

"Anza na ng'ombe."

"Jina limenitoka, mwanangu. Asubuhi nilikuwa nalo."

Subilaga aliangua kicheko. Kwa usanii, hawa watu hawajambo! "Hatuhitaji wafanyakazi, asante," akasema, akakata.

Akarudi jikoni kifua mbele. Wakala akikatiwa hupiga tena papo hapo, na Subilaga hupenda kumhesabia hadi kumi.

Akahesabu hadi kumi. Akaanza tena, taratibu zaidi, mwiko mkononi, na ugali ukaanza kunukia kuungua.