Difu Mpya ya Kailemia

Cicily aliuza fahali wake ili mwanawe akimbie zaidi, na Laare nzima ikashika kichwa.

Mumewe alifia kwenye kona za Nithi akikimbiza miraa kwenda Nairobi. Waliomleta nyumbani walimfunika kwa turubai lilelile la mzigo. Sasa mjane huyohuyo alikuwa amesimama katika gereji ya Gatwiri kule Maua, mkoba kwapani, akimwagiza fundi.

"Mfungie kijana ekseli ya nyuma iliyo nzito, na difu mpya. Mimi ndiye nitakayelipa."

Kailemia hakuamini masikio yake. Tangu ashike usukani, mama alikuwa akimkemea asubuhi na kumwombea jioni.

"Mama, kwa hivyo umekubali nikimbie?"

"Nimechoka kubishana na wewe. Kama ni gari, basi liwe gari."

Sokoni wanawake walisema Cicily anamnunulia mwanawe jeneza lenye magurudumu. Aliwapimia maharagwe yao, akawarudishia chenji.

Ekseli ilihitajika haraka. Hamda, mnunuzi wa miraa wa Maua, alikuwa akipakia pikapu mbili, ya Kailemia na ya Ayanle. Wateja wake wa ng'ambo walikuwa wamepungua, na kazi iliyobaki ilikuwa ya gari moja. Ijumaa wangepakia pamoja na kuondoka pamoja. Atakayetangulia kufika uwanja wa ndege wa Nairobi, kazi ni yake.

"Baite, safari hii utanusa moshi wangu," Kailemia alimtania mwenzake.

"Moshi hunuswa na aliye nyuma," Ayanle alijibu, "na mimi nyuma sijawahi kukaa. Huko kukoje?"

Kwa hivyo Kailemia alishinda gerejini siku nzima. Gatwiri alikuwa chini ya pikapu. Kilichoonekana ni buti zake tu. Alikuwa akilifungua difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ambamo gia mbili huumana meno na kuyageuza magurudumu. Ukibadilisha meno hayo, gari hubadilika tabia.

"Fundi, itakimbia?"

"Itavuta," zilijibu buti. "Mlima hutauhisi."

"Na spidi je?"

"Mshale utafika mahali haujawahi kufika."

Kailemia alicheka peke yake hadi jioni.

Ijumaa, pikapu ilichomoka Maua ikinguruma kama iliyotukanwa. Kila mlima ilipanda bila kushushwa gia. Alipoteremka Nithi, kwenye kona zile zilizomla baba yake, gari lilijishika lenyewe, breki akazigusa kidogo tu. Walipoanza kupanda ng'ambo ya daraja la Nithi, alimpita Ayanle huku akimpungia mkono kwa heshima zote. Alipovuka mji wa Embu, Ayanle hakuonekana hata kwenye kioo.

Kisha wakafika Mwea, ambako barabara imenyooka katikati ya mashamba ya mpunga.

Kailemia alikanyaga. Mshale ukagusa mia na arobaini. Ukagusa mia na sitini. Injini ililia hadi meno yake mwenyewe yakatetemeka. Hapo ndipo Ayanle alipompita, mkono mmoja nje ya dirisha, kama mtu anayepunga upepo.

Alikanyaga mpaka mguu ukakosa pa kwenda. Mshale ukasogea tena. Gari dogo la Probox lenye maandishi ya kanisa likampita. Ndani yake mchungaji alikuwa akimenya ndizi.

Alipofika uwanja wa ndege, alimkuta Hamda amesimama na simu mkononi.

"Wallahi Kailemia, mimi nakupenda," alisema Hamda, "lakini ndege haikupendi. Imeondoka. Kuanzia leo nitabaki na Ayanle."

Kesho yake aliingia gerejini na hasira zake zote. Mama yake alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, akimpakulia fundi githeri. Kailemia hakumsalimia hata yeye.

"Gatwiri! Mia na sitini, na nimepitwa na mchungaji! Anakula ndizi!"

"Mshale unasoma gia boksi," alisema Gatwiri akipokea sahani. "Gia boksi haijui nimefunga nini huku nyuma."

"Umefunga nini?"

"Meno ya kuvuta. Injini inazunguka sana, gurudumu linazunguka kidogo. Ukiona mia na sitini, wewe uko mia na kumi, na mteremko ukusaidie."

Kazi ya miaka minne ilikuwa imemponyoka kwa sababu ya vipande viwili vya chuma.

"Umekosea, sivyo? Sema ulikosea. Mtu huweza kukosea."

"Mimi sikosei difu. Nilifunga nilichoagizwa."

"Basi umehongwa!" Sauti yake ilifika barabarani, mwenye kibanda cha jirani akachungulia. "Ayanle amekuhonga! Alitaka kuniua njaa, na wewe ukamsaidia! Mwambie mama yangu hapa, aliyeuza fahali wake, mwambie ni nani aliyekutuma!"

Gatwiri alitia kijiko mdomoni na kumtazama Cicily.

Cicily alifunika sufuria, akajifuta mikono kwa leso.

"Usimpigie kelele mtoto wa watu," alisema. "Kiwanda cha chai cha Kibugu kinatafuta gari la kubebea majani chai milimani, na tangu mwezi uliopita nimewaambia unalo. Kasirika upendavyo, Kailemia, lakini msamaha siombi."