Walimu Wawili, Darasa Moja

Darasa la tatu lilikuwa linacheka. Mwalimu Khadidja alikuwa ameandika hesabu ileile ya kutoa kwa mara ya tatu, na sasa alisimama na chaki mkononi, akiwatazama watoto kana kwamba wao ndio waliopotea.

Twahiru, mkuu wa shule, aliyaona hayo kutoka dirishani. Kabla hajafanya lolote, Orlane, mwalimu kijana aliyepangwa darasa hilo pamoja na Khadidja, aliinuka kutoka nyuma akafuta ubao.

"Mwalimu alikuwa anawapima kama muko macho!" akasema. "Haya, tuendelee."

Watoto wakanyamaza.

Mpango wa walimu wawili katika darasa moja, mkongwe na chipukizi, ulikuwa umeipa sifa shule hiyo ya Ngagara. Twahiru ndiye aliyeuanzisha, na semina baada ya semina aliitwa kuueleza. Ni kweli walimu vijana walikuwa wameiva kwa sababu yake. Lakini yeye alijua alitafuta nini siku alipoubuni: pazia la kumsitiri mtu mmoja. Kila alipopigiwa makofi, moyo wake ulimsuta.

Wiki hiyo Callixte, inspekta wa shule, alimpigia simu.

"Tunataka uwafunze wakuu wa shule wote wa mkoa," alisema kwa furaha. "Ila kwanza nitakuja Ijumaa, nikae katika darasa la yule mama mkongwe. Nasikia yeye ndiye shina la mpango wako."

Mchana huohuo Orlane aliingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Directeur, usinikasirikie. Mi najua yeye ni nani kwako. Lakini nusu ya siku nafundisha, nusu ya siku nafunika. Watoto wanafika mwaka wa nne hawajui kutoa. Wao wako na kosa gani?"

Twahiru alikuwa amejiuliza swali hilohilo mara nyingi, na kila mara alikuwa amelikimbia. Orlane alipotoka, alimpigia Callixte, akamwambia asije Ijumaa, na kwamba kuhusu ile kazi ya mkoa atamfuata mwenyewe amweleze jambo. Kisha akavuka uwanja kwenda darasa la tatu.

Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani. Khadidja alikuwa akinyoosha madawati. Shuleni Twahiru alimwita Mwalimu, kama kila mtu. Naye siku hizi alimwita directeur, hata wakiwa wawili tu, na wenzao waliisifu adabu hiyo ya watu wa zamani. Mkono ule uliokuwa ukisukuma dawati ndio ulioushika wa Twahiru alipoandika herufi yake ya kwanza.

"Mwalimu," alisema, "umefanya kazi nyingi. Sasa upumzike."

Aliinua kichwa. "Nimekosa nini, directeur?"

"Apana, haukukosa. Mi ndiye nimekosa. Niliona kama unachoka, nikaogopa kukuambia. Nikakuacha usimame mbele ya watoto wanaokucheka."

"Wananicheka?"

Twahiru aliinamisha macho. Angeweza kudanganya, alikuwa na mazoezi ya kutosha. "Ndiyo," akasema.

Khadidja alikaa kwenye dawati la mbele, dogo mno kwake, magoti yakimfika kifuani. Akawa anajipangusa chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja, mpaka Twahiru akatamani angalau amkaripie.

"Basi ni haki," alisema mwishowe. "Mwalimu akichekwa, mutoto hajifunzi kitu. Wewe ni mutu wa kweli, directeur. Wengine wangenificha tu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi lolote. Alimsaidia kuinuka. Khadidja alifunga kitenge chake vizuri, akalitazama darasa mara moja, akaelekea mlangoni. Hapo akasimama, akageuka, akashusha sauti.

"Nakuomba kitu kimoja. Niko na kijana wangu, na yeye ni mwalimu. Usimuambie kama umenitoa kazini. Ataumia sana, yule mutoto."

Twahiru alimsogelea. "Anaitwa nani, mama?"

Uso wa Khadidja ukang'aa.

"Twahiru," akasema. "Labda unamujua."