Koti la Miiba Mlangoni kwa Tembo

Nungunungu, bawabu wa Tembo, alipekua hata inzi, maana Tembo akiugua tu, kibarua chake kimeota nyasi.

Akaja Kirusi, kidudu asiye na mdomo wala tumbo, amevaa koti la miiba.

“Mgeni asiyekula! Wataka nini?”

“Koti lipekue, bwana mkubwa. Barua hii tu iingie.”

Nungunungu akalivamia koti. Barua ikafika kwa Buibui, fundi cherehani wa ndani asiyebishia maandishi: “Shona makoti elfu ya miiba. Mfukoni mwa kila koti tia nakala ya barua hii.”

Kufumba na kufumbua, Tembo akapiga chafya, Virusi elfu wakamiminika mlangoni.

“Foleni!” akafoka Nungunungu. “Hata hili la kwanza sijalimaliza!”

“Ukilimaliza,” Tembo akasema, akitetemeka kwa homa, “livae, uende kwenu.”